Simu za matapeli: maswali yanayoulizwa sana hapa Mombasa

Haya ndiyo maswali watu wanauliza kila siku, kwa duka la M-PESA, barazani baada ya swala, kwa magrupu ya WhatsApp ya mtaa, kuanzia Likoni mpaka Kisauni. Nimeyakusanya na majibu yake. Kama una mzazi au nyanya ambaye simu yake ni ya mulika mwizi na hana WhatsApp, kaa naye chini umsomee.

Jambo moja nataka likae kichwani kabla ya yote. Kumkatia simu mtu usiyemjua si kukosa adabu. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kujibu salamu mpaka ziishe, mtu akikuita mama, akakwambia shikamoo, akauliza watu wa nyumbani, waona haya kumkatia katikati. Wakora wamelijua hilo kitambo. Ile heshima yako ndio mlango wanaoingilia, na mlango huo wafungwa kwa kidole kimoja tu, kile cha kubonyeza kukata.

Nitajuaje kama anayenipigia ni tapeli?

Usisikize sauti yake wala Kiswahili chake, wengine waongea vizuri kushinda kastoma keya wenyewe. Sikiza anataka nini. Tapeli karibu kila mara ana vitu vitatu: haraka ("fanya sasa hivi laini yako inafungwa"), siri ("usimwambie mtu, hata ajenti") na kukuzuia usikate ("baki hapo hapo mama, usikate"). Kampuni ya kweli haina shida ukisema ntapiga mwenyewe baadaye au ntakuja ofisini kesho. Mkora ukimwambia hivyo aanza kukufokea au kukubembeleza, hapo ushajua.

Na la nne, wakati fulani ataomba PIN, namba zilizoingia kwa meseji, namba ya kitambulisho, ama akwambie ubonyeze kitu kwa simu huku yuaongea. Hakuna mfanyakazi wa kampuni ya simu wala wa benki anayehitaji PIN yako, hata mmoja, kwa sababu yoyote ile.

Lakini aliniita majina yangu yote matatu, amejuaje?

Hili ndilo linawaangusha wengi. Jina lako si siri. Mtu akiingiza namba yako kama anataka kukutumia pesa, M-PESA inamuonyesha jina kabla pesa haijaenda, hiyo huduma yaitwa Hakikisha na iliwekwa ili usitume kwa mtu siye, lakini mkora aitumia kusoma jina kisha aghairi, hajatumia hata shilingi. Halafu kuna vile vitabu, cha ajenti ambacho watu waliandika jina na kitambulisho na namba miaka na miaka, na cha askari wa geti kila jumba waingia mjini. Halafu magrupu ya harambee na ya matanga, mia mbili ya watu ndani, namba zote ziko wazi, na mtu ameandika "mama fulani wa Mikindani ametoa elfu mbili". Kwa hivyo akikutajia jina, hata akitaja namba ya kitambulisho, hajakuthibitishia kitu.

Nimepigiwa na mtu asema ni Safaricom, nitajuaje ni wao kweli?

Safaricom wenyewe wamesema mara nyingi namba wanayopigia wateja ni 0722 000 000. Ukiona 07 au 01 ya kawaida tu na mtu ajiita kastoma keya, kata. Na hata uone namba gani kwa skrini, sheria ya PIN haibadiliki. Kama una wasiwasi kweli kuna shida na laini yako, kata kisha piga wewe mwenyewe 100, ama tembea mpaka dukani kwao. Ukipiga wewe wajua umempigia nani.

Zile za "umeshinda promosheni" ni hivyo hivyo. Zawadi ya kweli hailipiwi ada ya kuitoa. Na kama hukucheza, umeshindaje?

Alinambia nibonyeze nyota sijui thelathini na tatu, ile inafanya nini?

Hapa tukae kidogo maana watu wengi hawaelezwi.

Kuna zile namba za nyota ambazo ziko kwa mitambo ya simu dunia nzima, si za kampuni moja. *33* ikifuatwa na namba ya siri ni ya kuzuia simu kutoka, yaani ukishabonyeza huwezi kumpigia mtu. Mkora yuakufanya hivyo makusudi, akishapata alichotaka wewe unapojaribu kupigia kastoma keya ama mwanao simu haitoki, unahangaika pale huku pesa zaenda. Namba ya siri ya kawaida huwa 0000, kwa hivyo ukiambiwa *33*0000# ujue ndio hiyo. Kuiondoa unabonyeza #33*0000#.

Nyingine ni *21* ama **21* halafu namba ya mtu halafu alama ya reli (#). Hiyo yahamisha simu zako zote ziende kwake. Mtu akikupigia wewe, apokea yeye. Na zile namba za kuthibitisha ambazo WhatsApp au benki huweza kukutajia kwa kupiga simu, azisikia yeye. Kuangalia kama simu zako zimehamishwa bonyeza *#21#, na kufuta uhamisho wote bonyeza ##002#. Hizi mbili ziandike mahali.

Kuna na ya tatu siku hizi, haina nyota kabisa. Unaongea naye kisha kwa simu yako kinatokea kijidirisha cha M-PESA kuomba PIN, yeye akwambia "hiyo ni ya kuthibitisha zawadi". Kisome. Kimeandikwa kiasi na jina la anayelipwa. Hicho kijidirisha ni cha KULIPA, na ukiweka PIN umelipa, pesa haziingii kwako hata siku moja kwa wewe kuweka PIN. Rudia hiyo kwa wazee mpaka waishike: kupokea pesa hakuna PIN.

Nimepata meseji ya M-PESA kisha mtu apiga analia, asema ametuma kwa makosa. Nirudishe?

Usirudishe wewe kwa mkono wako. Kwanza angalia kama kuna pesa kweli. Meseji za kweli zaja kwa jina MPESA, kwenye ule mfululizo wa meseji zako za zamani, hazitoki kwa namba ya mtu. Matapeli waandika meseji kama ile, hata na ile namba ya muamala mwanzoni, wabandika na balansi ya uongo. Usisome balansi kwa meseji, angalia kwa menyu yako, *334# au apu yenyewe.

Kama hazikuingia, jibu umelipata. Kama ziliingia kweli, bado usitume. Mwambie kwa upole apeleke ile meseji yake kwa 456, ndiyo njia ya kurudisha pesa zilizokosewa, na wewe ukiulizwa na kampuni utakubali zirudi. Sababu ni hii: kuna wanaotuma kweli, wewe kwa imani yako ukarudisha elfu tatu, kisha wao bado waomba zirudishwe kupitia kampuni, unajikuta umelipa mara mbili. Wengine wakwambia urudishe kwa namba nyingine tofauti na iliyotuma, hapo mwenye pesa wa kweli akija utamjibu nini? Mtu aliyekosea kweli hatakataa kutumia 456, ni bure na ni rahisi. Anayekataa na kuanza kukulaani ana lake.

Na ile "ile pesa tuma kwa hii namba, simu yangu iko na shida"?

Imetumwa kwa maelfu ya watu kwa pamoja, wakitegemea kwamba kati yao yuko mmoja ambaye siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa kodi ama ana fundi wa kumlipa. Kama una mtu wa kumlipa mpigie kwa namba yako ya zamani umsikie. Kisha hiyo meseji ipeleke kwa 333 kama uko Safaricom, ni bure, na futa.

Nimeambiwa mtoto wangu ameanguka shule, yuko Coast General, natakiwa nitume pesa ya dawa sasa hivi.

Hii naichukia kuliko zote. Inampata mama yuko Kongowea na mzigo wake, anasikia mtoto ameumia kichwa, daktari asubiri, mwalimu ndiye anaongea, na nyuma kuna kelele za wodi. Hakuna mzazi asiyetetemeka, na huyo mkora hapo ndipo anapomtaka.

Kata. Najua ni vigumu, lakini kata kisha pigia shule kwa namba uliyonayo wewe, siyo anayokupa. Ukikosa shule pigia mzazi mwenzio, pigia mtu yuko karibu na hospitali aende, mjini hapa hukosi mtu. Hospitali ya serikali ina mahali pa kulipia na risiti, malipo yake hayaendi kwa namba ya M-PESA ya mtu binafsi. Na mwambie mwanao, kama ni mkubwa ana simu, asikubali mtu kumwambia azime simu "kwa nusu saa laini inarekebishwa", maana ndivyo wanavyofanya ili ukimpigia usimpate.

Siku hizi kuna na programu za kompyuta zinazoiga sauti ya mtu, kwa hivyo hata "lakini ilikuwa sauti yake" haitoshi. Wekeni swali moja la nyumbani, kitu ambacho hakiko Facebook, jina la paka wa zamani ama chakula ambacho mtoto hakitaki kabisa. Akishindwa kujibu, si yeye.

Simu yangu imepoteza netwaki ghafla na za wenzangu ziko sawa, ni nini?

Yaweza kuwa mitambo tu. Lakini kama muda mfupi kabla ulikuwa umeongea na mtu akakuuliza namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, na namba unazopigia sana, usingoje. Huenda kuna mtu amesajili laini yako kwa kadi nyingine, na namba yako sasa iko mkononi mwake, na meseji za benki zamuingilia yeye. Chukua simu ya jirani, piga kastoma keya laini ifungwe, pigia benki wafunge huduma ya simu, kisha ndio uende dukani na kitambulisho.

Kabla hayajakufika, kwa Safaricom bonyeza *100*100#, hiyo yafunga laini isibadilishwe na mtu mwingine, lazima uende wewe kwa duka lao. Na *106# yakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua hapo isemee mara moja, maana mtu akiitumia kutapeli, jina ni lako.

Mtu aniomba namba sita zilizoingia kwa simu yangu, asema alizituma kwa makosa.

Ni za kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukimpa, umempa akaunti, na dakika chache baadaye shangazi zako wote wanaombwa pesa kwa jina lako na picha yako, na watatuma, kwa sababu wanakupenda. Hata anayeomba akiwa ni rafiki yako usimpe, huenda yake imeshachukuliwa na ndiye mkora anayeandika. Nenda kwa mipangilio, sehemu ya akaunti, uweke ile PIN ya WhatsApp ya hatua mbili. Fanya leo.

Kazi za bandarini, magari ya mnada, kazi za Ghuba: zipi ni za kweli?

Mji wetu waishi kwa bandari, kwa hivyo utapeli wetu nao una harufu ya Kilindini. Mtu apiga asema ana mkubwa ndani ya KPA, mamlaka ya bandari, kuna nafasi za kazi, toa elfu kumi za fomu na za vipimo vya afya. Nafasi za bandari hutangazwa wazi na KPA wenyewe hawaombi pesa kukuajiri. Mwengine ana gari la mnada lililokwama bandarini, bei nusu, picha safi kabisa, na kontena waiona nyuma. Mizigo ambayo KRA, mamlaka ya ushuru, wanaipiga mnada hutangazwa kwa gazeti rasmi la serikali, na malipo ya serikali hayaendi kwa namba ya kijana mmoja anayejiita klearing. Ukiambiwa utume dipoziti "kushikilia" gari, umeshikiliwa wewe.

Za Saudia, Qatar na Dubai, ajenti lazima awe amesajiliwa, na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, wana orodha ya waliosajiliwa kwa tovuti yao. Tafuta jina lake hapo kabla hujatoa hata nauli. Mtu ambaye ofisi yake ni namba ya simu peke yake, anakutana nawe kwa mkahawa na ataka pasipoti yako akae nayo, huyo usimfuate. Wasichana wetu wameteseka vya kutosha.

Vivyo hivyo nyumba za kupanga Mtwapa na Bamburi ambazo walipia kuziona kabla ya kuziona, safari za Umra za bei ya kushangaza, na michango ya mayatima inayoanza kupigiwa simu Ramadhani ikikaribia. Sadaka toa, lakini toa kwa madrasa au msikiti unaoujua, usitoe kwa sauti ya kwenye simu.

Nikipokea tu simu, wanaweza kuniibia pesa?

Hapana. Zile meseji za kusambazwa kwamba ukipokea namba fulani simu yako yanakiliwa kwa sekunde tatu si kweli, usizitume mbele. Kupokea hakukutoi pesa, kinachokutoa ni unachosema na unachobonyeza. Kitu cha kuangalia ni simu ya nje inayolia mara moja ikakatika, yaani isiyoanza na +254 na huna mtu huko. Wataka upige wewe, na dakika za huko ni ghali, wao wapata sehemu ya hizo pesa. Utapeli huo waitwa wangiri. Usipige tu.

Truecaller, ile apu ya kuonyesha jina la anayepiga, imeonyesha jina la benki, si ni sawa?

Si sawa. Yale majina yaandikwa na watu, hata mkora aweza kujiandika benki. Ikikuonyesha wengi wamemripoti ni tapeli, amini hilo. Ikikuonyesha jina zuri, usiamini chochote.

Napigiwa kila siku kuhusu mkopo wa jirani yangu, mimi sikukopa.

Jirani alikopa kwa apu ikachukua namba zote za simu yake. Huna deni, usilipe hata mia "ili wanyamaze". Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuwasumbua watu walio kwa simu ya mkopaji ili kumuaibisha. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, waweza kupeleka malalamiko bure kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC, kwa tovuti yao. Si ofisi ya bure bure, mwezi wa Septemba 2023 waliipiga faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya mikopo ya Mulla Pride kwa mambo ya kutumia namba za watu hivyo hivyo. Hifadhi meseji na rekodi ya simu, ndizo ushahidi wako.

Sheria hiyo hiyo yakupa haki ya kukataa matangazo ya biashara. Mwambie anayepiga "ondoa namba yangu, sijakubali", akirudia mlalamikie.

Nishatuma pesa. Nifanye nini sasa hivi?

Usimpigie tena mkora kumuomba, wapoteza dakika. Hapo hapo peleka ile meseji yote ya M-PESA kwa 456, kisha piga kastoma keya ueleze ni utapeli. Kama hajazitoa, kuna uwezekano zikashikwa, kama ameshazitoa ni kazi ngumu, ndio maana nakwambia dakika ni mali. Badilisha PIN kama uliitaja. Kama mlango wa Fuliza, ule mkopo wa M-PESA, ulikuwa wazi angalia na huko, maana wengine wanakukopea juu kwa juu na deni labaki lako. Mtandao mwingine, Airtel kwa mfano, piga kastoma keya yao moja kwa moja.

Halafu polisi. Nenda kituo cha karibu, Central, Makupa, Nyali, popote, andikisha upate namba ya OB, kile kitabu cha matukio, beba namba ya tapeli, saa, kiasi na meseji. Usifute kitu. Waweza pia kupiga simu ya bure ya DCI, idara ya upelelezi, 0800 722 203. Watu husema "elfu mbili polisi watafanya nini", lakini namba moja ikiripotiwa na watu thelathini si elfu mbili tena. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 ipo, yahitaji walalamikaji.

Mkora akipiga nimchezee kidogo nimpotezee wakati?

Wacha. Ana kitambulisho chako pengine, ana jina lako, na kila ukiongea amepata kingine, mtaa, sauti ya mtoto nyuma, benki gani. Kata, ripoti 333, zuia namba.

Mamangu ametapeliwa na sasa hataki hata kushika simu. Tumfanyie nini?

Kwanza msimcheke, na asitokee mtu wa kumwambia "si tulikwambia". Aliyeibiwa hana kosa, mwenye kosa ni mwizi. Nimeona wazee wakificha wizi wa pili kwa sababu ya vile walivyosemwa wa kwanza, na wa pili huwa mkubwa, maana wakora wauziana namba za watu waliokubali, na hurudi wakijifanya polisi ama wakili wa "kukurudishia zile pesa" kwa ada kidogo.

Kaa naye na simu yake mkononi. Badilisheni PIN pamoja, aichague yeye, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Bonyezeni *#21# kuona kama simu zake zimehamishwa, kisha *100*100#. Andikeni majina ya watoto na wajukuu vizuri kwa simu, ili namba isiyo na jina aijue ni ya mgeni. Pesa nyingi za akiba zisikae kwa M-PESA, akaunti yaweza kubeba mpaka 500,000 na hiyo si pochi ya kutembea nayo, hamisheni benki au chama. Mpeni mtu mmoja wa kumpigia kabla hajatuma pesa yoyote asiyoipanga, na huyo mtu apokee simu yake hata akiwa kazini. Kisha mfanye mazoezi, wewe jifanye mkora umpigie kutoka chumba kingine, umwamkie, umwite mama, umbembeleze, na yeye akukatie.